Fundi mitambo wa muziki naye ana deni kwa kijiji

MAVUNO yakishaingia ghalani wilayani Kilosa, fedha huanza kuzunguka vijijini, na muziki hufuata fedha. Kuanzia Juni, mahindi, mpunga na ufuta vinapopata wanunuzi, mapromota kutoka Morogoro na Dar es Salaam hupakia vyombo kwenye Fuso na kushika barabara ya Mikumi. Leo jukwaa liko Mikumi, kesho Kilosa mjini, keshokutwa kwenye uwanja wa mpira wa kata kama Mabwerebwere.

Hii ni biashara halali na ina manufaa yake. Mama lishe anauza, mwendesha bodaboda anapata abiria, na mkulima aliyeinama shambani miezi kadhaa anapata usiku mmoja wa kuinua mgongo na kucheza. Hakuna mwenye haki ya kumnyima.

Swali ni kile kinachobaki uwanjani asubuhi, gari likishaondoka. Mara nyingi ni doa jeusi la dizeli pale ilipokaa jenereta, betri zilizokwisha nguvu, vipande vya nyaya, chupa za maji, na usingizi uliopotea wa watu ambao hawakukata tiketi. Nani anapaswa kuulizwa?

Kwa kawaida kidole huelekezwa kwa promota au kwa msanii ambaye picha yake iko kwenye tangazo. Lakini msanii hufika saa nne usiku na kuondoka saa sita, na promota muda mwingi yuko getini anahesabu viingilio. Mtu ambaye mkono wake uko juu ya kila kitu tangu mchana ni fundi mitambo. Ndiye anayesema spika ngapi zinahitajika, jenereta iwe ya ukubwa gani, iwashwe saa ngapi, iwekwe wapi, na sauti ifike umbali gani. Kwa mantiki hiyo, wajibu wa mazingira katika biashara ya maonyesho unapaswa kuanzia kwake, na kwa bahati nzuri faida yake pia huanzia hapo hapo.

Chukua suala la jenereta. Mafundi wengi, kwa kuogopa aibu ya umeme kukatika katikati ya wimbo, hukodi mashine kubwa kuliko kazi. Vyombo na taa vinavyohitaji kilowati 12 hufungwa kwenye jenereta ya kVA 60. Mashine hiyo hufanya kazi kwa takriban robo ya uwezo wake na kunywa takriban lita 6 za dizeli kwa saa. Mzigo huo huo kwenye jenereta ya kVA 20 ungekula takriban lita 4.

Tofauti ya lita 2 inaonekana ndogo, lakini wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Onyesho linaloanza kupima vyombo saa nane mchana na kufungwa saa sita usiku ni saa 10, yaani lita 20 za bure. Ziara ya maonyesho 20 ni lita 400. Ikichukuliwa bei ya Sh2,800 kwa lita, ni Sh1,120,000 zilizopanda angani kama moshi. Na kwa kuwa kila lita ya dizeli inapoungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa, hapo kuna zaidi ya tani moja ambayo haikumchezesha mtu yeyote.

Ikumbukwe pia kwamba injini ya dizeli inayofanya kazi bila mzigo wa kutosha huharibika. Mafuta hayaungui yote, masizi hujaa kwenye bomba la moshi, na mwenye mashine huingia gharama za matengenezo kabla ya wakati. Kwa hiyo jenereta kubwa kupita kiasi humuumiza mwenye mashine, promota na kijiji kwa pamoja.

Kabla ya kukodi jenereta, fundi angeuliza kwanza kama kuna laini ya Tanesco yenye nguvu ya kutosha karibu na uwanja. Kituo cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, kimekuwa kikizalisha umeme wa maji katika mkoa huu huu wa Morogoro tangu mwaka 1975, na Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Kuwasha dizeli kutwa nzima pembeni ya nguzo ya umeme bila hata kwenda kuulizia ni uvivu.

Ni kweli kwamba jenereta haiepukiki kila mahali. Zanzibar ilikaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na tamasha la Sauti za Busara la Februari mwaka huo likafanyika kisiwa kikiwa katika hali hiyo. Vijiji vingi vya Kilosa navyo vina viwanja ambavyo laini ya umeme haijavifikia. Lakini jenereta ya lazima nayo ina ukubwa wake unaofaa.

Wapo watakaosema kuwa mteja wa kijijini anataka kishindo, kwamba besi ndiyo pesa. Hoja hii inahitaji kupimwa kwa elimu ya sauti yenyewe, ambayo kila fundi anaijua au alipaswa kuijua. Kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili huongeza disibeli 3 tu, tofauti ambayo msikilizaji wa kawaida huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inatakiwa iongezwe takriban mara kumi. Maana yake ni kwamba fundi anayejaribu kushinda kwa nguvu tupu anachoma mafuta mengi kwa faida ndogo.

Fundi mwenye ujuzi hushinda kwa mpangilio. Huinua spika juu ya vichwa vya watu, huzielekeza kwa watazamaji badala ya mashamba na nyumba, na kwenye uwanja mrefu huweka spika ndogo katikati ili zile za mbele zisilazimishwe kupiga kelele. Watu waliolipa husikia vizuri zaidi, na asiyelipa hupata usingizi. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, iliyofika hadi Osaka nchini Japan kwenye maonyesho ya Expo 70, haikuhitaji lori la spika ili ipendwe nchi nzima.

Kelele ni suala la sheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaihesabu kelele kuwa uchafuzi, na kanuni zake za mwaka 2015 zimeweka viwango vinavyotofautiana kwa maeneo na kwa mchana na usiku. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilifungia baa na kumbi za starehe kwa sababu ya kelele. Hatua kama hizo husikika zaidi mijini, lakini sheria haisemi kwamba mtoto wa Mabwerebwere mwenye mtihani asubuhi anahitaji usingizi mdogo kuliko mtoto wa Sinza.

Zaidi ya hapo, sikio ni mtaji wa fundi. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2022 lilipendekeza wastani wa sauti kwenye kumbi na matamasha usizidi disibeli 100. Fundi anayesimama mbele ya spika usiku baada ya usiku bila kinga anauza ghala lake mwenyewe, na sikio likishakufa hakuna duka linalouza lingine.

Lipo jambo la taka ndogo ambazo hazionekani. Maikrofoni nane zisizo na waya, kila moja ikitumia betri mbili mpya kwa kila onyesho, ni betri 16 kwa usiku mmoja na 320 kwa ziara ya maonyesho 20. Nyingi hutupwa zikiwa bado na nguvu, kwa sababu fundi hataki kubahatisha. Betri za kuchaji hugharimu zaidi siku ya kwanza, lakini hutumika mamia ya mara. Nyaya zilizokatika nazo zisichomwe moto ili kupata shaba, kwani moshi wa plastiki yake ni sumu kwa anayechoma na kwa jirani. Tangu mwaka 2021 zipo kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na chuma chakavu kina wanunuzi.

Oili chafu ni hatari zaidi. Jenereta inayofanyiwa kazi saa 10 kila siku hufikia muda wa kubadilishwa oili ikiwa ziarani, na njia rahisi ni kuimwaga nyuma ya jukwaa. Udongo huo ni wa mtu. Maji yanayopita juu yake huelekea visimani na mitoni, na Mto Mkondoa unaopita Kilosa huingia Wami, mto ambao ndio chanzo cha mradi wa maji wa Chalinze. Dumu moja tupu kwenye gari lingetosha kuzuia madhara hayo.

Watu wa Kilosa hawahitaji kuhubiriwa juu ya gharama ya mazingira yaliyoharibika. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulivunja kingo zake, ukafagia nyumba na kuharibu Reli ya Kati, na maelfu ya watu wakaishi kwenye mahema. Wilaya hiyo hiyo pia imeonyesha kwamba biashara na mazingira vinaweza kukaa meza moja. Kuanzia mwaka 2012, mashirika ya TFCG na Mjumita yalishirikiana na serikali za vijiji kupanga uvunaji wa mkaa katika misitu ya vijiji. Vitalu viligawanywa, kitalu kilichovunwa kikaachwa kichipue kwa mzunguko wa miaka 24, na mchoma mkaa akalipa ushuru kijijini. Msingi wake ni kwamba anayetumia mali ya kijiji hupimiwa, hulipa, na huacha njia ya kesho.

Utaratibu huo unaweza kuhamishiwa kwenye uwanja wa mpira. Wenye maonyesho wa nje wamekwisha kuanza kupima. Bendi ya Coldplay ya Uingereza ilitangaza mwaka 2019 kuwa haitafanya ziara hadi ipate namna ya kupunguza madhara kwa mazingira. Ilirudi barabarani mwaka 2022, na mwaka 2024 ikasema imepunguza hewa ya ukaa kwa asilimia 59 kwa kila onyesho, ikilinganishwa na ziara yake ya 2016 na 2017. Agosti 2024 kundi la Massive Attack lilifanya onyesho mjini Bristol kwa umeme wa betri badala ya dizeli. Fundi wa Morogoro hana fedha za mabetri makubwa kama yale, na hakuna anayemdai ayanunue. Anachoweza kuiga bila mtaji ni hatua ya kwanza, nayo ni daftari la mafuta. Aandike lita zilizoingia, saa zilizotumika na mzigo uliobebwa katika kila onyesho. Baada ya maonyesho matano atajua mwenyewe alipokuwa akiibiwa.

Safari nayo iingie kwenye daftari hilo. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR inasimama Kilosa, hivyo wanamuziki na wasaidizi wanaotoka Dar es Salaam hawahitaji tena msururu wa magari madogo. Lori la vyombo litaendelea kupita barabarani, ambayo hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50. Ratiba inayomlazimisha dereva kukimbia usiku ndani ya hifadhi ili kuwahi jukwaa la kesho ni ratiba ya kuua wanyama, na pengine watu. Chakula na chupa zisitupwe dirishani, kwani nyani wanaozoea makombo ndio wanaogongwa.

Kwa upande wao, vijiji vina silaha moja ambayo bado haijatumika vya kutosha. Uwanja ni wao. Serikali ya kijiji, kabla ya kukubali onyesho, inaweza kudai dhamana ya fedha inayorudishwa asubuhi baada ya mtendaji na fundi mitambo kuukagua uwanja pamoja. Masharti yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja: jenereta ikae juu ya turubai na mbali na kisima, oili na betri viondoke na gari, spika zisielekezwe kwenye makazi, na muziki uzimwe saa iliyo kwenye kibali. Jina la fundi liandikwe humo kando ya la promota.

Mapromota watalalamika kuwa gharama zinaongezeka. Lakini jenereta ndogo, betri za kuchaji na treni hupunguza gharama za ziara nzima, na dhamana hupotea kwa anayechafua tu. Mafundi nao watasema wao ni vibarua, hawana sauti mbele ya tajiri. Jibu ni kwamba promota hajui kVA wala disibeli. Fundi akimwambia kuwa mashine ya kVA 20 inatosha, na akamwonyesha daftari, tajiri anayependa faida atasikiliza.

Mavuno ya mwaka kesho yatakuja, na muziki utafuata. Kijiji kilichoachiwa uwanja mchafu na visima vyenye harufu ya dizeli kina kila sababu ya kufunga geti, na hapo fundi mitambo atakuwa amepoteza soko lake mwenyewe.