Hesabu Zisomwe Mwaloni: Ilani ya Watu wa Mwambao wa Kigoma

Sisi wavuvi, wachuuzi wa dagaa, wakulima wa michikichi, wafuga nyuki na wanakamati wa maliasili wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kagunga mpakani na Burundi hadi Kalya kusini mwa Mahale, pamoja na ndugu zetu wa mitaa ya Ujiji, Katonga na Kibirizi, tunaanzisha harakati. Bado hatujaipa jina, kwa kuwa jina ni la vijiji vitakavyojiunga. Tunaanza na dai moja: kila anayesimamia mali yetu kwa niaba yetu atusomee hesabu yake mbele yetu, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kila baada ya miezi mitatu.

Tunaanzia kwenye hesabu kwa sababu mengine mengi tunayo tayari. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 imeufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo cha juu kabisa kijijini, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi kama mdhamini na itoe taarifa kwa wenye mali kila mkutano wa kawaida unapokaa. Sheria ya Misitu ya 2002 imekiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuutunza na kufaidika nao. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inavitambua vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, hivi tunavyoviita BMU. Mipango ya matumizi bora ya ardhi ipo, na ramani zimechorwa. Tangu mwaka 1994, mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall ulipoanza na vitalu vya miche, vijiji vinavyoizunguka Gombe vimejifunza kupanga wapi palimwe, wapi pajengwe na mteremko upi uachwe upumzike.

Tumepewa kazi ya kulinda. Hatujapewa hesabu ya tunachokilinda. Anayelala msituni akizuia magogo, au anayepiga doria ziwani usiku kwa mafuta ya kuchangishana, kisha hajui kilichokusanywa wala kilikokwenda, amegeuzwa mlinzi asiye na mshahara kwenye mali yake mwenyewe.

Fika mwaloni alfajiri, giza la mwezi likiwa limeshika na wavuvi wamekesha ziwani na taa zao. Mitumbwi inagusa mchanga, kina mama wanaingia majini hadi magotini na ndoo mkononi, bei inatajwa, inapingwa, inatajwa tena. Jua linapochomoza dagaa wameshaanikwa chanjani, na wasio na chanja wamewatandaza mchangani huku wakiomba mvua isinyeshe. Hapo ndipo ushuru unapolipwa. Mashine inatema kijikaratasi, mama anakifunga kwenye pindo la kanga, na shughuli inaendelea. Ukikifungua baada ya mwezi mmoja, maandishi yameshafifia na imebaki karatasi nyeupe. Kumbukumbu ya mama ya fedha alizotoa kwa mwaka mzima imefutika hivyo, na kwingine hakuna pa kuiona.

Nenda sasa kwenye ofisi ya kijiji utazame ubao wa matangazo. Utakuta tangazo la chanjo, karatasi za uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 zilizopauka, pengine na barua ya kuwahimiza wananchi wachangie ujenzi. Taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka, ambayo ingepaswa kuwa kitu cha kwanza macho yanapotua, mara nyingi haipo. Wahenga walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tumeona inavyopotea.

Kuna watakaotuambia tatizo la ziwa ni samaki kupungua, na kwamba hesabu ni mambo ya baadaye. Ni kweli samaki wamepungua, na tunajua mkono wa mvuvi si sababu pekee. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti unaoonyesha kwamba maji ya juu ya ziwa letu yamepata joto na upepo umepungua nguvu, kwa hiyo maji ya chini yenye rutuba hayapandi kama zamani. Walikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha samaki umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba mavuno ya samaki huenda yakashuka kwa asilimia 30 hivi. Joto hilo hatulizuii kwa doria. Lakini jambo lisilo mikononi mwetu linapotunyang'anya sehemu ya riziki, sehemu iliyobaki haiwezi kuachwa kwa usimamizi wa kubahatisha.

Ndiyo maana tulikubali ziwa lifungwe. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi upande wa Tanzania ili samaki wazaliane, na nia hiyo tunaiunga mkono bila kusita. Ziwa hili ni la nchi nne: ni letu sisi, Wakongo, Warundi na Wazambia. Dagaa na migebuka hawaulizi mpaka uko wapi, kwa hiyo kupumzisha maji kwa pamoja ni jambo la busara. Tunachodai ni haki ya aliyelipa gharama. Mvuvi alifunga nyavu, mchuuzi akakopa ili watoto wabaki shuleni, mama wa chanja akakaa miezi mitatu bila cha kuanika. Hao wanastahili kuambiwa, palepale mwaloni, mavuno yalikuwaje kabla ya kufungwa na yamekuwaje baadaye, nani alipima, na alipima kwa njia gani. Wanastahili pia kukaa kwenye kikao kinachopanga tarehe. Anayeonyeshwa matokeo atafunga tena kwa moyo. Anayepewa amri tupu ataingia ziwani usiku na kokoro, kisha tutatumia fedha nyingi zaidi kumkimbiza.

Na kuhusu kokoro na nyavu zenye matundu madogo, tuseme lililo moyoni. Tunaziona zikichomwa moto ufukweni mbele ya viongozi. Hatujawahi kusomewa taarifa ya zilikoingilia. Kijana anayekamatwa nazo ni kibarua wa mtu, na mtumbwi si wake. Taarifa ya doria itakayotajwa kuwa kamili kwetu ni ile inayomfikia mwenye mtumbwi na muuza nyavu, halafu ikatueleza faini ilikuwa kiasi gani na iliingia mfuko upi.

Ziwa halitenganishwi na milima. Miteremko ya Mwamgongo na Mtanga inaangukia moja kwa moja majini, na mvua kubwa inapopiga mlima uliovuliwa miti, udongo huteremka na kufunika mawe ambako kuhe na samaki wengine wasiopatikana popote pengine duniani hutagia. Maji yanayotoka ziwani yana njia moja tu, Mto Lukuga upande wa Kongo, na ziwa lina kina cha mita 1,470. Kinachoingia humu hakitoki leo wala kesho. Mwenye kamati ya msitu na mwenye BMU wanafanya kazi moja, ila vikao vyao havikutani, na mara nyingi hata barua zao zinakwenda kwa maofisa tofauti wasiosomeana. Harakati hii itawaweka kwenye benchi moja.

Misituni ubaya wa hesabu iliyofichwa umeshapimwa. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu biashara ya magogo kusini mwa Tanzania, na ilionyesha kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ambayo serikali ingepaswa kuyapata yalikuwa yakipotea, huku mwanakijiji akiambulia sehemu ndogo mno ya thamani ya gogo lililotoka nyuma ya nyumba yake. Kusini hukohuko, wilayani Kilwa, vijiji kama Kikole na Nanjirinji baadaye vilishika njia nyingine: vilitenga misitu yao kisheria, vikauza mbao kwa mpango wa uvunaji, na fedha zikaingia mfuko wa kijiji. Jua ni lilelile na sheria ni ileile. Miombo ya Uvinza haina sababu ya kuwa maskini kuliko ya Kilwa.

Tunajua pia kwamba uwazi si mgeni hapa kwetu. Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma-Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizofungua njia katika Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi, sambamba na Elgeyo Marakwet ya Kenya. Mji wa mwisho wa reli ulihesabiwa pamoja na miji mikubwa ya dunia kwa sababu uliahidi kuwafungulia watu wake mafaili. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa katika mpango huo, na safari ya Kigoma-Ujiji ikakatika. Tuliumia, na bado tunaona ilikuwa hasara. Ila Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 haikujitoa pamoja na mpango. Inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi iliyoombwa ina siku 30 za kujibu. Sheria hiyo ipo kabatini, wachache sana kati yetu wameitumia, na kuanzia sasa itatumika.

Tusijifiche nyuma ya lawama kwa wakubwa. Ndani ya kamati zetu wenyewe mna wenye mitumbwi wanaojikagua, mna wenyeviti waliokaa kitini hadi wakasahau nani aliwaweka, na mna doria zinazoishia kwenye maelewano ya pembeni. Kina mama ndio wengi kwenye biashara ya dagaa, lakini kikao kikianza wanaketi nyuma na kuulizwa mwisho, wakati jua limeshazama na chakula hakijapikwa. Kwa hiyo masharti ya harakati hii yatatubana sisi kwanza. Hakuna kiongozi wetu atakayeshika fedha na daftari kwa pamoja. Mikutano itafanyika saa ambazo kina mama wanaweza kuja, nao watasema kabla ya wenye mitumbwi. Tukipokea mchango kutoka shirika lolote, kiasi chake kitasomwa hadharani wiki hiyohiyo. Hatutafungamana na chama cha siasa, ingawa mwanachama yuko huru na kadi yake mfukoni, na hatutamfunga mtu kamba wala kumchomea mali kwa jina la hifadhi.

Utetezi tunaoufanya ni wa kujua sheria ndogo yetu iko meza gani. Vijiji vingi vimetunga sheria ndogo za misitu na mazalia ya samaki, mkutano mkuu ukazikubali, kisha zikapelekwa wilayani kupitishwa na kukaa huko muda mrefu bila jibu. Bila muhuri ule, mwanakamati anayemkamata mkata mkaa hana mkono wa sheria, na mkata mkaa analijua hilo vizuri. Tutaandika orodha ya kila sheria ndogo inayosubiri, tarehe iliyopelekwa na jina la kijiji, na diwani wa kata ataulizwa habari zake katika kila mkutano hadi ipite au irudishwe na sababu zilizoandikwa.

Kazi inaanza na kaunta buku. Kila mwalo na kila kijiji kitakachojiunga kitanunua moja. Mchuuzi akilipa ushuru, ataandika humo tarehe, kiasi na namba ya stakabadhi kabla maandishi hayajafifia. Atakayeshindwa kuandika ataandikiwa na kijana aliyechaguliwa na wenzake. Msituni litaandikwa gunia la mkaa lililokamatwa, mbao, faini, na jina la aliyepokea. Vijana wetu wanaokusanya picha na alama za misitu kwa simu janja wataombwa walete ramani iliyochapishwa, itundikwe ofisi ya kijiji, ili mzee asiye na simu aone mlima wake unavyobadilika. Mwisho wa robo mwaka daftari litajumlishwa hadharani, na jumla yetu itawekwa kando ya jumla ya ofisi. Zikilingana, tutamshukuru mtendaji kwa jina na kuandika hivyo kwenye muhtasari. Zikipishana, barua ya kuomba maelezo itasomwa mkutanoni, itasainiwa na wote wanaotaka kusaini, itagongwa muhuri wa mapokezi, na nakala yake itabaki ndani ya daftari. Siku 30 zitahesabiwa kuanzia tarehe ya muhuri huo.