Kabla ya Kukubali Sindano ya Kunenepesha Uume

Miongoni mwa mambo ambayo wanaume humficha hata daktari ni shaka juu ya ukubwa wa maumbile yao. Mtu atamweleza mganga habari za homa, kikohozi, na hata kisonono, lakini hili atalibeba moyoni miaka na miaka. Matunda ya ukimya huo tunayaona mitaani. Katika kuta, nguzo za umeme na vituo vya mabasi yamebandikwa matangazo ya dawa za "kuongeza maumbile", yenye nambari ya simu bila jina la daktari. Mfanyakazi hutoa sehemu ya mshahara uliokusudiwa unga na mahitaji ya watoto, akanunua kitu asichokijua, akakitia mwilini kwa siri. Madhali gharama ya siri hiyo hulipwa na nyumba nzima, yafaa leo tulizungumze jambo hili waziwazi na kwa adabu.

VIPIMO VYA KAWAIDA

Mwaka 2015 wataalamu wa King's College London walichapisha vipimo vya wanaume 15,521, vilivyochukuliwa na wahudumu wa afya wala si kwa maneno ya wenyewe. Wastani wa mzunguko wa uume uliolala ulikuwa sentimita 9.31, na uliosimama sentimita 11.66. Aliye chini kidogo ya wastani hana kasoro, kama vile mtu mfupi kidogo kuliko jirani yake asivyokuwa mgonjwa.

Mwaka 2002 madaktari wa Italia walieleza habari za wanaume 67 waliofika kulalamika kwamba uume wao ni mfupi. Walipopimwa, hakuonekana hata mmoja aliyekuwa chini ya kiwango cha kawaida. Uchunguzi huo ulihusu urefu, lakini fundisho lake lafaa kwa unene pia: aghalabu shaka ya mtu haitokani na kipimo. Tena, uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulionyesha kwamba asilimia 85 ya wanawake walioulizwa waliridhika na ukubwa wa wenzi wao, hali wanaume walioridhika na maumbile yao wenyewe walikuwa asilimia 55 tu. Mume hujihukumu kwa ukali ambao mkewe hanao.

NJIA ZA HOSPITALI

Ndani ya uume mna mirija miwili ya nyama laini mfano wa sponji, ambayo hujaa damu wakati wa kusimama. Hiyo ndiyo iletayo unene wa kweli, na mtu akishakomaa haikui tena. Kwa hiyo njia za madaktari karibu zote hufanya jambo moja: hutia kitu kati ya ngozi na mirija hiyo. Kinachonenepa ni upande wa nje tu.

Njia ya kwanza ni kunyonya mafuta ya mtu mwenyewe, tumboni au pajani, na kuyadunga chini ya ngozi ya uume. Sehemu kubwa ya mafuta hayo hufyonzwa na mwili, na yanayobaki huweza kufanya mabonge, uume ukaharibika sura. Mafuta yakiingia katika mshipa wa damu hufika mapafuni. Mwaka 2017 wataalamu wa Sweden walieleza kifo cha kijana mzima wa miaka 30 aliyefikwa na hayo. Chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani, tangu mwaka 1994, kimeshikilia kwamba usalama na manufaa ya kudunga mafuta kwa ajili ya unene havijathibitishwa.

Njia ya pili ni sindano ya asidi ya hayaluroniki, utomvu unaotumiwa pia kujaza makunyanzi ya uso. Kuna dawa ya kuuyeyusha iwapo matokeo ni mabaya, na hiyo ni nafuu yake. Lakini unene wake ni wa muda. Baada ya miezi kadhaa hupungua, na mtu hurudi kulipa tena. Uvimbe, mabonge na maambukizo huweza kutokea.

Njia ya tatu ni kupandikiza kipande cha silikoni kwa upasuaji. Kifaa cha namna hiyo kiliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 2004. Kikipata usaha au kikitoboa ngozi hapana budi kiondolewe, na kovu linalobaki huweza kuupinda na kuufupisha uume uliokuwa mzima.

MAFUTA YA DUKANI

Ubaya mkubwa zaidi ni wa wanaojidunga wenyewe. Mwaka 1899 daktari Robert Gersuny wa Vienna alidunga vaselini katika korodani za kijana aliyeondolewa mapumbu kwa sababu ya kifua kikuu. Wengine waliiga haraka, na madhara yakajitokeza baadaye. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na kosa hilo lingali likirudiwa. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba madaktari wa hospitali kuu ya Port Moresby, nchini Papua New Guinea, walikuwa wakiwatibu wanaume waliojidunga silikoni, mafuta ya nazi na mafuta ya kupikia. Mwili hauwezi kuyeyusha vitu hivyo. Huvizungushia kovu gumu, ngozi ikaoza, mkojo ukazuilika. Tiba huwa ni kukata ngozi iliyoharibika na kubandika nyingine.

Marhamu haiwezi kukuza mirija iliyo ndani. Pampu ya kunyonya hewa huwasaidia wasiosimamisha, lakini uvimbe wake hupita. Na katika vidonge viitwavyo vya "asili", wakaguzi wa dawa wa Marekani wamegundua mara nyingi sildenafili iliyofichwa. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akivimeza, shinikizo lake la damu huweza kushuka hata akafa.

LA KUFANYA

Mwenye shaka na aende hospitali apimwe. Ikiwa shida yake ni kutosimama, huenda hiyo ikawa dalili ya kisukari au ya maradhi ya mishipa ya damu, ambayo yana tiba. Mtoto wa kiume aliyezaliwa na uume mdogo mno apelekwe mapema, kwa maana homoni huweza kumsaidia angali mchanga. Aliyekwisha kujidunga asingoje kidonda. Amwambie daktari kweli yote.

Na kabla ya yote hayo, mume azungumze na mkewe. Maneno ya nusu saa chumbani hayana gharama, na huenda yakaokoa mshahara wa miezi mingi pamoja na afya isiyonunulika. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.