NIKAHA NA DAFTARI

Hakuna mtu wa Visiwani asiyejua namna ndoa inavyofungwa. Posa hupelekwa na kujibiwa, mahari hutajwa, walii huketi na mashahidi wawili, khutba husomwa, bwana harusi hukubali, kisha watu hula halwa na kunywa kahawa. Tangu hapo mume ni mume na mke ni mke. Mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya majirani ndoa hiyo imetimia, wala sisi hatuna nia ya kuitia walakini. Tunalotaka kulisema leo ni juu ya jambo moja linalopaswa kufuata, na ambalo pengine halifuati: kuandikwa kwa ndoa hiyo katika daftari la Serikali.

Wapo wananchi wanaoamini kwamba daftari ni njia ya kuiondoa sharia ya dini mlango wa nyuma. Hofu hiyo haina msingi. Sheria ya Mahkama za Kadhi Namba 3 ya mwaka 1985, na baadaye Sheria Namba 9 ya mwaka 2017 iliyochukua nafasi yake, zimeweka ndoa, talaka, matunzo na mirathi ya Waislamu wa Unguja na Pemba mikononi mwa Kadhi. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 99, imesema wazi kwamba mambo ya Kiislamu yaliyoanzia katika Mahkama za Kadhi hayaendi Mahkama ya Rufani ya Tanzania. Basi Serikali haikumnyang'anya Kadhi kiti chake. Inachotaka ni kwamba lililofanyika liandikwe. Nalo si jambo geni, kwani wajibu wa kuandikisha ndoa na talaka za Kiislamu ulikuwamo katika sheria za Visiwa hivi tangu enzi ya ukoloni. Na Sheria Namba 3 ya mwaka 2018 imeunda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ili kazi hiyo iwe na mwenyewe.

Nani anayeumia ndoa isipoandikwa? Mara nyingi si mwanamume. Tuchukue mfano wa mwanamke aliyeolewa miaka ishirini na mitano iliyopita na mtumishi wa Serikali. Mume amefariki. Walii wake amekwisha kufariki, shahidi mmoja amefariki, na wa pili yuko Maskati. Mwanamke huyo anakwenda ofisini kufuatilia kiinua mgongo cha marehemu naye anaulizwa cheti cha ndoa. Hana. Akiwa bado yumo ndani ya eda, anasikia kuwa mwanamke mwingine amekuja na cheti chake mkononi. Robo au thumni aliyowekewa na dini yake imegeuka kuwa kesi, na miaka yake ishirini na mitano ya kupika, kulea na kuuguza imekuwa maneno matupu yanayohitaji mtu wa kuyashuhudia.

Talaka ina uzito zaidi. Ndoa hufungwa mchana mbele ya watu. Talaka hutamkwa usiku mbele ya hasira, na siku hizi hata hupelekwa kwa ujumbe wa simu. Ikiwa haikuandikwa, nani atakayejua kama ilikuwa ya kwanza au ya tatu? Nani atakayejua eda ilianza lini? Maswali haya si ya wanasheria wapenda maneno. Mume akifa ndani ya eda ya talaka rejea, mke hurithi. Akifa baada ya eda kwisha, mke harithi. Kati ya hali hizo mbili hapana kingine ila tarehe. Tarehe isiyoandikwa ni mali ya yule mwenye sauti kubwa kuliko wenzake katika ukoo.

Tumesikia pia hoja kwamba ndoa ni ya Mungu na karatasi ni ya Serikali, basi kila moja ikae mahali pake. Sisi tuliokaa chuoni kabla ya kuingia skuli tunaijibu hoja hii kwa kuirudia dini yenyewe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika sura ya al-Baqara, inahusu kuandika deni na kulishuhudisha, liwe dogo au kubwa. Mahari ambayo haijalipwa yote ni deni juu ya shingo ya mume. Na sura inayoitwa kwa jina la Talaka inataja mashahidi wawili waadilifu. Dini iliyotaka deni la shilingi chache liandikwe haiwezi kuchukizwa tukiandika ahadi iliyo kubwa kuliko zote baina ya watu wawili.

Jambo hili lina sura nyingine kwa sababu watu wetu hawakai mahali pamoja. Mamia kwa mamia wamehamia Dar es Salaam na Tanga pamoja na wake zao. Huko inatumika Sheria ya Ndoa Namba 5 ya mwaka 1971, ambayo haitumiki Zanzibar. Chini ya sheria hiyo ndoa ya Kiislamu inatambuliwa, lakini shauri la talaka kwa kawaida hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Mahkama ndiyo inayotoa hati. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahkama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa. Hata kwetu, Sheria ya mwaka 2017 imemruhusu Kadhi kugawa mali ya wanandoa pale penye mchango halisi. Hatusemi kwamba sheria ya Bara iletwe Visiwani. Tunasema kwamba mwanamke anayevuka bahari bila cheti anavuka mikono mitupu. Sheria ya Bara humdhania mtu kuwa ni mke ikiwa amekaa na mwanamume miaka miwili au zaidi na watu wakawajua hivyo. Ni fedheha ilioje kwa mke wa nikaha, aliyetolewa na baba yake mbele ya watu, kufika mahali akaombewa kudhaniwa!

Lakini hatuwezi kuwalaumu wananchi peke yao. Mtu wa Kojani au Tumbatu huvuka maji kwa chombo, akapanda gari, akafika ofisini, akaambiwa njoo kesho. Huyo akirudi kwao asirejee tena, kosa si lake. Aidha, mtumishi anayemwambia mwanamke asiye na cheti kwamba hakuolewa anafanya dhuluma. Cheti ni ushahidi wa ndoa; si nguzo yake. Nguzo zake zinajulikana, na karatasi haimo. Kazi ya ofisi ni kumsaidia mwanamke huyo kupata ushahidi, si kumvua heshima yake.

Kwa hiyo tunatoa rai. Kwanza, kila anayefungisha ndoa achukue daftari kwenye hafla, na saini zitiwe kabla halwa haijapita. Pili, kila mume atakayetoa talaka aiandikishe, na mke apewe nakala siku zile zile. Tatu, Wakala uwafuate watu shehiani, hasa katika visiwa vidogo, na ukae na masheha na makadhi ili ndoa za zamani ziandikwe wakati mashahidi wake bado wako hai. Nne, na hili tunawaambia mawalii wenzetu: mnapouliza mahari ni kiasi gani, ulizeni pia cheti kitatoka lini. Baba anayehesabu fedha za kilemba kisha akasahau cheti cha binti yake amepokea kidogo na kuacha kikubwa.

Chama na Serikali wana wajibu wao, makadhi na mashekhe wana wao, na wazazi wana wao. Wahenga wetu, waliokuwa wafanyabiashara na mabaharia, walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kama waliiogopea hivyo mali, sisi tumwogopee zaidi mke, mjane na mtoto.