Mtoto wa miaka 16 akishikwa na bodaboda bila leseni, nani hasa anabeba mzigo?

Kila shule zinapofungwa, Aprili, Agosti na Desemba, steji za bodaboda huku kwetu pwani hupata sura mpya. Ni vijana wa miaka 15, 16 au 17 wanaoshika pikipiki ya mjomba, ya jirani au ya mwalimu, wakatafute karo au pesa za matumizi. Na kila likizo tunapokea simu zilezile studioni. Mzazi anauliza kama mwanawe atafungwa. Mwenye pikipiki anauliza ataitoaje kituoni. Abiria aliyevunjika mguu anauliza atamdai nani.

Tumeyaweka majibu kwa maandishi ili uyasome polepole kwenye simu na umtumie mwenzako. Tutaeleza sheria inavyosema, halafu tuseme kwa nini tunaona kijana anabebeshwa mzigo ambao wakubwa wake ndio waliomtwisha.

Umri unaotakiwa

Kanuni za leseni zilizotolewa Kenya mwaka 2020 zimegawa pikipiki katika madaraja matatu. A1 ni ya pikipiki ndogo sana, na mtu anaweza kuiomba akiwa na miaka 16. A2 ni ya pikipiki za kawaida, na A3 ni ya pikipiki za kubeba abiria na mizigo kwa malipo. Hizi mbili zinahitaji miaka 18.

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Mtu husikia "miaka 16" akadhani mwanawe ameruhusiwa. Boxer na TVS tunazoziona kwenye steji zina injini ya cc 100, 125 au 150. Hizo si za daraja la A1. Kwa hivyo kijana wa miaka 16 au 17 anayebeba abiria kutoka Ganze hadi Kilifi mjini hana leseni, na hata akienda leo kuiomba hatapewa.

Tofautisha pia kusahau leseni nyumbani na kutokuwa nayo kabisa. Aliye na leseni akashindwa kuionyesha anapoulizwa hutozwa faini ya shilingi 1,000 katika orodha ya makosa madogo ya barabarani ya mwaka 2016. Asiyekuwa nayo kabisa ana kosa zito zaidi, na akiwa ni mtoto kesi yake ina njia yake.

Akishikwa, nini hufuata?

Kwa Katiba na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama amekuzidi kimo na ameanza kuota ndevu. Polisi wakimshika wanatakiwa kumjulisha mzazi au mlezi, na kumhusisha afisa wa watoto. Hatakiwi kulazwa seli moja na watu wazima. Anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au mara mahakama inapofunguliwa ikiwa ni wikendi au sikukuu.

Mzazi, ukipigiwa simu, nenda mwenyewe. Usimtume dereva mwenzake wala mtu wa steji. Beba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, kwa sababu umri wake ndio unaoamua atapelekwa mahakama gani na atashughulikiwa vipi. Tumesikia visa vya vijana waliojitaja kuwa na miaka 19 kwa kuogopa kuonekana watoto, na kesi zao zikaendeshwa kama za watu wazima.

Jambo jingine ni dhamana. Kuandikisha dhamana ya polisi hakulipiwi. Ukiambiwa uweke pesa taslimu, hizo ni pesa za kurudishwa kesi ikiisha, na ni lazima upewe risiti. Kama hakuna risiti, hiyo si dhamana, ni kitu kidogo. Na kitu kidogo hakimalizi kesi. Wiki ijayo kijana yuleyule yuko barabarani, na aliyekula jana anamsubiri pale pale.

Je, atafungwa?

Hapana, si kwenda gerezani. Sheria ya Watoto inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gereza. Lakini hilo lisimfanye mtu adhani hakuna litakalomfika.

Mahakama ya watoto, kama ile ya Tononoka kule Mombasa, ina njia kadhaa. Inaweza kumwonya na kumwachilia kwa masharti. Inaweza kumweka chini ya afisa wa probesheni, awe anaripoti kwa muda maalum. Inaweza kuagiza faini au fidia ilipwe. Kosa likiwa zito, anaweza kupelekwa shule ya kurekebisha tabia kama ile ya Likoni. Na mvulana wa miaka 15 hadi 17 anaweza kupelekwa taasisi ya Borstal, kama ile ya Shimo la Tewa, ambako agizo huwa la miaka mitatu.

Kuna pia njia ya kumwondoa mtoto kwenye kesi kabla haijafika mbali. Kijana anakubali kosa, mzazi anahusishwa, anapewa ushauri au kazi ya kijamii, na faili inafungwa. Njia hii imewekwa na sheria na inafaa kosa dogo lisilo na majeruhi. Wazazi wengi hawajui kwamba wanaweza kuizungumzia na afisa wa watoto. Iulize mapema, kesi ikiwa bado changa.

Ikiwa mtu amekufa, mambo hubadilika. Kusababisha kifo kwa kuendesha kwa njia ya hatari ni kosa ambalo mtu mzima anaweza kufungwa hadi miaka 10. Mtoto hatapelekwa gerezani, lakini hakuna hakimu atakayemwonya tu amwachilie aende zake.

Mwenye pikipiki hawezi kujificha

Hii ndiyo sehemu inayosahaulika sana. Sheria ya Trafiki haimlengi anayeendesha peke yake. Inamkataza mwenye chombo, au yeyote aliye na chombo mkononi, kumruhusu mtu asiye na leseni akiendeshe. Kwa maneno mengine, aliyempa mtoto funguo naye ana kosa.

Lakini tazama kinachotokea mashinani. Kijana anakamatwa, pikipiki inalala kituoni, na mwenyewe haonekani. Akionekana, anakuja kama mtu anayedai mali yake, si kama mshtakiwa. Halafu anamwambia mzazi wa kijana, "Nilipe pesa zangu za siku ambazo pikipiki ilikaa kituoni." Tumesikia wazazi waliolipa, kwa aibu au kwa kutojua.

Mzazi ambaye mwanawe alipewa pikipiki akafanye biashara ya mwenyewe ana haki ya kumuuliza swali moja mbele ya chifu au mzee wa mtaa: ulimwomba leseni kabla ya kumpa funguo? Jibu la swali hilo linaonyesha nani alianza kuvunja sheria.

Ajali ikitokea, nani analipa?

Kila pikipiki inayoingia barabarani inatakiwa kuwa na bima ya kumkinga mtu wa tatu, yaani abiria na mpita njia. Kwa sheria ya bima hiyo, madai ya mtu mmoja aliyeumia au kufa yanaweza kufika shilingi milioni 3. Ni pesa za kumwinua mtu aliyekatwa mguu.

Tatizo ni kwamba mikataba ya bima huwa na sharti kwamba anayeendesha awe na leseni. Asipokuwa nayo, kampuni hupata sababu ya kukataa, au ya kulipa kisha kumgeukia mwenye pikipiki imdai. Na pikipiki nyingi vijijini hazina bima yoyote, au ilikwisha zamani.

Hapo ndipo kikao cha kumalizana nyumbani kinapoanza. Ng'ombe anauzwa, kipande cha shamba kinawekwa rehani, na wazee wanaandika makubaliano kwenye karatasi ya daftari. Sisi hatupingi kupatana. Lakini majeruhi asitie sahihi kabla daktari hajasema jeraha litachukua muda gani kupona. Mguu uliovunjika hudai pesa hata baada ya mwaka mmoja. Na mwenye pikipiki awe kwenye kikao hicho, kwa sababu aliyemtuma kijana kazini anaweza kushtakiwa kwa madhara ya kazi hiyo.

Kwa nini hawaishi barabarani?

Tukimlaumu kijana peke yake tutakuwa tumeuona moshi tukauacha moto. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na bei ikashuka. Tangu hapo pikipiki imekuwa gari la wagonjwa, lori la makaa na basi la shule katika vijiji ambavyo matatu hazifiki. Kazi ipo, na inalipa siku hiyohiyo.

Sasa mchukue kijana aliyeacha shule akiwa na miaka 15 kwa kukosa karo. Sheria ya Ajira inamruhusu aliyetimiza miaka 16 kufanya kazi isiyo ya hatari. Lakini leseni ya bodaboda hatapata mpaka 18, na bila kitambulisho milango mingi ya kazi imefungwa. Ana miaka miwili mirefu, tumbo linadai, na jirani ana pikipiki imekaa bure. Hatusemi umri ushushwe. Mwaka 2024 barabara za Kenya ziliua watu 4,748, na waendesha pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Tunachosema ni kwamba kumfukuza kijana steji bila kumwonyesha pa kwenda ni kumhamishia steji ya pili.

La kufanya

Kwa mzazi: kijana wa umri wa shule awe shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaweza kumtoza mzazi asiyempeleka mtoto shule faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ikiwa karo ndiyo shida, fuata basari ya kaunti na ya eneo bunge mapema. Kwa aliyetoka shule, chuo cha kiufundi kinafundisha ufundi wa pikipiki, na kazi ya kuzitengeneza haimngojei atimize miaka 18.

Kwa mwenye pikipiki: omba leseni, itazame tarehe na daraja, na uweke nakala. Bima iwe hai. Pesa unazookoa kwa kumpa mtoto malipo madogo hazifiki hata robo ya hasara ya siku moja mbaya.

Kwa vyama vya bodaboda: nyinyi ndio mnaomjua kila anayeegesha steji. Mkikubaliana kwamba asiye na leseni hapangwi kwenye foleni, hakuna askari atakayefanya kazi hiyo vizuri kuliko nyinyi.

Na kwako abiria: tazama uso wa anayekubeba. Ukiona ni mtoto, shuka. Utachelewa sokoni kwa dakika kumi, na mama yake hatapigiwa simu usiku.