Masomo ipate maji yake yenyewe
Wachimbaji na wazazi, mutakumbuka. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 2.287 walikufa. Hata hivi, watoto wengi wa Beni na Butembo waliendelea kusoma. Kwa mlango wa masomo kulikuwa ndoo ya maji yenye klore na mtu wa kupima joto, basi wanaingia. Kisha Korona ikakuja, na toka 19 Machi 2020 Serikali ikafunga masomo ya inchi nzima, karibu miezi tano. Kuna vijana walishuka mu mashimo. Walipoonja feza, hawakurudia tena.

Leo zile ndoo ziko wapi? Mashirika yalienda, robine zikavunjika, na wengi wetu tukanyamaza. Lakini Ebola ilirudia Butembo mwezi wa Februari 2021, na Beni mwezi wa Oktoba mwaka ule ule.

Juu ya ile tunasema wazi: masomo ya ufundi isingojee mashirika. Kijana mwenye kujifunza kuchomelea chuma na kutengeneza pompe ya kutosha maji shimoni, atashindwa na robine? Iwe mtihani wake wa kazi. Wakubwa wa mashimo watoe bomba na feza kidogo, sababu wafundi wale ni wao watawapa kazi kesho. Komite ya wazazi ishike ufunguo wa depo. Na Serikali, mbele ya kufunga mlango siku ingine, iulize kwanza kama pale maji iko.