Shahada ya Uzamili kwa Mtandao na Mwalimu Asiye na Darasa: Suala la Lugha katika Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Katika mijadala ya miaka ya karibuni kuhusu elimu ya juu nchini Tanzania, shahada ya uzamili inayosomwa kwa njia ya mtandao imekuwa ikizungumzwa zaidi kama suala la mitambo. Hutajwa umeme, minara ya simu, uhaba wa kompyuta na bei ya vifurushi vya intaneti. Mambo hayo ni ya kweli, na mtu yeyote aliyepata kungoja ukurasa mmoja ufunguke katika kijiji kilicho chini ya milima ya Livingstone hahitaji kuelezwa. Hata hivyo, vikwazo vya namna hiyo hupungua mwaka hadi mwaka. Barabara ya lami sasa inatoka Songea, inapita Mbinga na kuteremka hadi Mbamba Bay, na umeme wa gridi ya taifa umefika mkoani Ruvuma. Makala haya yanadai kwamba, kwa kundi moja la wanafunzi, yaani waelimishaji wanaofanya kazi nje ya darasa la kawaida, kikwazo kitakachobaki baada ya waya zote kufika ni lugha ya mtihani na ya tasnifu. Kikwazo hicho hakiwezi kuondolewa na mkandarasi.

Yafaa kwanza ieleweke ni akina nani wanaozungumziwa. Wilaya ya Mbinga imekaa juu ya nyanda za Umatengo. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, imenyooka kando ya ziwa kupitia Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Katika wilaya hizo mbili walimu wa shule wanajulikana na kuhesabiwa. Lakini pembeni yao wapo wengine ambao kazi yao ni kufundisha ilhali hawaitwi walimu. Yupo mkufunzi wa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, mrithi wa vyuo vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Uswidi. Yupo mwezeshaji wa kituo cha MEMKWA, anayewafundisha watoto walioikosa shule. Yupo bwana shamba anayesimama kwenye mibuni akionyesha namna ya kupogoa, akitegemea matokeo ya utafiti yanayotoka katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa kilichopo Ugano. Yupo mhudumu wa afya ya jamii, na yupo afisa uvuvi anayekaa na wavuvi ufukoni kujadili ukubwa wa matundu ya nyavu. Baadhi yao wana shahada ya kwanza, nao ndio wanaoweza kuitazama shahada ya uzamili bila kuacha kazi. Kwa hao mtandao ni mlango wa pekee, kwa sababu mwajiri hawezi kuwapa likizo ya miaka miwili, na mtu akiondoka kituoni huenda kituo chenyewe kikafa.

Elimu ya nje ya darasa katika Umatengo haikuletwa na serikali wala na misheni. Wamatengo walikuwa na sengu, utaratibu wa watu wa ukoo kukusanyika kwa mkubwa wao, kula pamoja na kuzungumza. Hapo vijana walifunzwa, migogoro ikaamuliwa na kazi za shamba zikapangwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa ushirikiano na JICA ya Japani, walipofanya mradi wao wa maendeleo vijijini kati ya 1999 na 2004, waliona kwamba kijijini Kindimba njia nyepesi ya kuendesha mashine ya kusaga kwa nguvu ya maji ilikuwa kuiweka chini ya kamati iliyopewa jina hilohilo la Sengu. Ni tukio dogo, lakini linafundisha jambo kubwa kuhusu lugha. Kamati ile ingeweza kuitwa kwa jina lolote la kiutawala, nayo ingebaki kamati. Ilipoitwa Sengu, watu walijua tayari namna ya kukaa, nani aanze kusema, na aibu ya kula mali ya wenzako ina uzito gani.

Hali ni hiyohiyo katika kilimo cha ngolo, mashimo yanayoupa mteremko wa Umatengo sura ya sega la nyuki. Nyasi hukatwa mvua zinapoelekea mwisho, hupangwa kwa mistari inayokatana hadi kufanya miraba, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunika nyasi. Kimapokeo wanaume walikata na kupanga, wanawake wakachimba na kupanda maharage juu ya matuta. Mahindi hufuata katika msimu ujao. Shimo huzuia maji yasiporomoshe udongo, na nyasi zilizofukiwa huwa mbolea. Kila hatua ina jina lake katika Kimatengo. Bwana shamba mwenye busara huyajua majina hayo kabla ya kufungua mdomo, maana asiyeyajua huonekana mgeni hata akiwa amezaliwa bonde la pili.

Sasa mtu huyu ajiandikishe kwa shahada ya uzamili katika elimu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, ndicho kilichomfungulia njia, na sifa hiyo hakiwezi kunyang'anywa. Kina kituo cha mkoa Songea, na kazi nyingi zilizokuwa zikisafirishwa kwa bahasha sasa hupita katika mtandao. Mwanafunzi husoma usiku, hutuma kazi yake, huzungumza na msimamizi kwa simu. Lakini husoma kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza, na huandika tasnifu kwa Kiingereza. Mazungumzo aliyoyafanya na wakulima kwa Kimatengo ameyaandika katika daftari kwa Kiswahili. Kutoka daftarini huyahamishia katika lugha ya tatu. Tafsiri mbili zimepita kabla ya uchambuzi kuanza, na mara nyingi ule unaoitwa uchambuzi ni tafsiri ya pili tu. Ngolo inakuwa mashimo ya kienyeji. Sengu inakuwa mkutano wa ukoo. Maneno yale ya mama mmoja, ambayo uzito wake wote ulikuwa katika methali aliyoitumia, yanageuka sentensi moja iliyonyooka isiyo na ladha wala ushahidi. Mtahini akisoma huona mwanafunzi mwenye hoja nyepesi. Huenda hoja haikuwa nyepesi ilipoondoka Mbinga.

Wanaisimu wanalo la kusema hapa ambalo wataalamu wa elimu aghalabu hawalioni. Istilahi si vibandiko vinavyoweza kubanduliwa kutoka lugha moja na kubandikwa katika nyingine bila kupoteza kitu. Tuchukue neno *ugani*. Kwa umbo lake linaelekeza kwenye uga, mahali pa wazi mbele ya nyumba, ambapo watu hukutana bila kubisha hodi. Neno la Kiingereza linalotumika kwa kazi hiyohiyo lina maana ya kurefusha: chuo kinanyoosha mkono wake hadi kumfikia mkulima. Katika la kwanza elimu inaanzia uwanjani; katika la pili inaanzia chuoni. Au tuchukue *kisomo*. Kwa waliopitia kampeni za miaka ya 1970, kisomo ni kitu kinachohudhuriwa, chenye mahali, saa na wenzako, wala si sifa iliyomo ndani ya mtu mmojammoja na kupimwa kwa asilimia. Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili hulazimika kuanza na dhana hizi kama zilivyo. Anayeandika kwa Kiingereza hupokea dhana nyingine zilizokwisha kutengenezwa, kisha huwatafuta watu wa Liuli wa kuzijaza.

Ikumbukwe pia kwamba elimu ya masafa nchini Tanzania ilizaliwa na kukua katika Kiswahili. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la Makerere na kupewa sheria yake mwaka 1975, ilikuwa na elimu kwa njia ya posta tangu 1972. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, kila kikundi kikiwa na kiongozi wake na kijitabu chake. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali ilipohitaji walimu wa elimu ya msingi kwa wote, vijana waliomaliza shule ya msingi walifunzwa ualimu wakiwa kazini, vijijini mwao, kwa posta, redio na mafunzo ya ana kwa ana. Zaidi ya 35,000 walifuzu. Ubora wa mafunzo hayo umelaumiwa sana, na baadhi ya lawama ni za haki. Lakini hakuna aliyedai kwamba Kiswahili ndicho kilichoyashinda. Mtindo uleule wa kusoma kwa mbali ulibadili lugha ulipopanda ngazi ya shahada, na ulibadilika bila mjadala wa maana.

Watetezi wa hali iliyopo wana hoja tatu, na zote zastahili kusikilizwa. Ya kwanza ni sera. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 halikukiondoa Kiingereza katika sekondari na vyuo. Ni kweli. Lakini hoja hii inasahau kwamba idara za Kiswahili zimekuwa zikipokea tasnifu za Kiswahili kwa miaka mingi, Dar es Salaam na katika Chuo Kikuu Huria chenyewe, na hakuna sheria iliyovunjika. Kilichoruhusiwa kwa mtafiti wa riwaya hakiwezi kuwa haramu kwa mtafiti wa kisomo. Ya pili ni istilahi. Hoja hii ilikuwa na nguvu zaidi kabla TUKI haijachapa kamusi zake za istilahi, ile ya isimu na zile za sayansi, kuanzia mwaka 1990. Leo anayeirudia ana wajibu wa kutaja dhana ya elimu ya watu wazima isiyoandikika kwa Kiswahili.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu, kwa kuwa inatoka kwa wanafunzi wenyewe. Wengi wao hukitaka Kiingereza. Wanajua kwamba mashirika yanayofadhili miradi ya kahawa na uvuvi huandika barua zao kwa Kiingereza, na wanahofu kwamba shahada iliyoandikwa kwa Kiswahili itahesabiwa nusu shahada. Si haki kumwambia mtu wa Mbamba Bay abebe peke yake gharama ya uzalendo wa lugha, ilhali maprofesa wanaomshauri wamekwisha kupata vyeo vyao kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo jambo linalodaiwa hapa ni hiari, na hiari iliyoandikwa katika kanuni: mwanafunzi achague lugha ya tasnifu anapowasilisha pendekezo la utafiti, na cheti kisitofautishe. Anayechagua Kiingereza aweke pamoja na tasnifu yake toleo fupi la Kiswahili, kurasa ishirini au thelathini, na nakala ipelekwe Mbinga chuoni na katika ofisi ya elimu ya wilaya. Kwa sasa tasnifu huhifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu, ambapo mwezeshaji wa Lituhi hawezi kuisoma hata akiipata.

Liko jambo lingine ambalo waandaaji wa kozi za mtandao hulipita upesi. Husifu kwamba mtandao umeondoa umbali. Kwa mwalimu asiye na darasa tunu kubwa zaidi ni kuondoa ratiba. Umatengoni, miezi ya kuvuna kahawa haimwachii mkulima wala mfunzaji wake nafasi. Ziwani, usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo kisomo cha wavuvi hufuata mwezi, kikichangamka ukiwa mpevu na kulala ukipotea. Kozi inayofunga milango yake Ijumaa saa sita usiku, juma baada ya juma, imehamisha kengele ya shule hadi kwenye simu. Muhula ungeweza kurefushwa bila gharama yoyote, na mitihani ya mdomo kwa simu ingempa nafasi mtu ambaye ufundi wake wote ni wa kusema na kusikiliza. Ajabu ni kwamba shahada inayowahusu wazungumzaji stadi huwapima kwa kuandika peke yake.

Linabaki swali la watahini, na hapo ndipo idara za Kiswahili zinapohusika moja kwa moja. Idara ya elimu ikikubali tasnifu ya Kiswahili kuhusu kilimo cha ngolo au kisomo cha wavuvi, itahitaji msomaji anayeimudu lugha ya kitaaluma na anayejua kutofautisha neno lililokosewa na neno lililokopwa kwa makusudi kutoka Kimatengo, Kimanda au Kimpoto. Wasomaji hao wapo. Wengi wao kwa sasa husimamia tasnifu za fasihi na sarufi tu, kwa sababu hakuna aliyewaomba jingine. Mkuu wa idara ya Kiswahili anaweza kumwandikia mwenzake wa elimu kabla ya udahili ujao, akitaja majina matatu au manne ya watu walio tayari kusoma tasnifu hizo.