Mfuko wa Safari ya Usambara



Wengi wenu mmetuuliza, msikitini na sokoni, ile safari ya vijana wetu kwenda milima ya Usambara iliishia vipi. Wengine mmeuliza kwa lawama: yawaje kijana aliyeuza vyombo vya mamaye azawadiwe matembezi ya nchi ya nje? Swali ni la haki. Nasi tuliulizana hilo hilo kabla ya kukubali kuandamana nao.

Walikuwa vijana tisa, wa umri kati ya miaka 19 na 27, wote wameacha unga kwa muda usiopungua miezi minne na wanaishi katika nyumba ya upataji nafuu. Waliomo katika tiba ya methadoni hatukuweza kuwachukua. Dawa ile hunywewa kila siku mbele ya muuguzi, na kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa na sheria, haivushwi mpaka mfukoni mwa mtu. Mmoja wao alikuja kituo cha basi kutuaga, akawabebea wenzake mizigo hadi kwenye buti, kisha akaenda zake zahanati kunywa dozi yake. Twalieleza hili kwa sababu bado wapo miongoni mwetu waiitao methadoni “unga wa serikali”. Tangu zahanati yake ilipofunguliwa Malindi mwaka 2015, tumewaona kwa macho yetu watu waliorudi kazini na majumbani kwao kwa sababu ya dawa hiyo. Kijana yule hakubaki kwa kuwa amepona kidogo kuliko wenzake.

Wasichana hawakuwamo hata mmoja. Wapo walioathirika, ila jamaa zao huwaficha. Hilo tutaliandikia siku yake, inshallah.

Kwa nini nje ya nchi? Wazo lenyewe si geni. Ufaransa lipo shirika la Seuil, lililoanzishwa mwaka 2000 na Bernard Ollivier, mwandishi aliyekuwa akisafiri masafa marefu kwa miguu. Shirika hilo huwatembeza vijana waliopotoka katika nchi ya kigeni, kijana mmoja na mlezi mmoja, kwa muda wa miezi, bila simu. Sisi uwezo wetu ulikuwa wa siku tano tu, lakini sababu ni ile ile. Hapa Mombasa kila kichochoro chamjua kijana huyu na kila anayepita humwita teja hata akiwa amevaa kanzu. Tulipovuka Lunga Lunga kuingia Horohoro, jina lile halikuvuka nasi.

Tulipitia Tanga na Korogwe, na kutoka Mombo gari likapanda kwa kona zisizohesabika hadi Lushoto. Kesho yake tukaanza kwa miguu kupitia msitu wa Magamba kuelekea Lukozi, kisha Rangwi, mwisho Mtae, pale mlima unapokatika ghafla na uwanda wa Mkomazi ukatandaa chini. Baridi ya huko si ya kusimuliwa kwa watu wa Pwani. Kuna waliokuja na ndara! Sala tulizifupisha na kuzikusanya kama sharia inavyomruhusu msafiri, na kila wakati aliongoza kijana mwingine. Yupo aliyetuomba radhi kwanza kwa kuwa sura alizozihifadhi madrasa zilikuwa zimempotea zote isipokuwa tatu fupi. Tatu zile zilitosha.

Usiku ndio uliokuwa mgumu. Mtu aliyezoea kuzimwa na unga hulala kwa taabu hata baada ya miezi, na miguu ikiuma fikra huzidi. Tulikaa nao tukinywa chai ya tangawizi, na mengi tuliyoyasikia hayaandikwi hapa.

Lililotuleta kwenye kalamu leo ni jambo la mfuko. Kabla ya kuondoka vijana walichagua mweka hazina wao wenyewe, nao wakamchagua kijana wa miaka 23 ambaye mtaani kwao anakumbukwa kwa mtungi wa gesi wa mamaye. Mzee aliyekuwa akituongoza alinyamaza kwa muda, kisha akampa mfuko. Jioni ya siku ya pili, tulipofika Rangwi, alitumwa peke yake dukani na shilingi 60,000 za Tanzania kununua unga wa sembe, maharagwe, mafuta na viazi. Ni mwendo wa robo saa. Magharibi ikaingia hajarudi. Ishaa ikakaribia. Hakuna aliyesema neno, lakini wasomaji, tukiri: kila mmoja wetu watu wazima alikuwa ameshamhukumu. Mmoja wetu alianza kupiga hesabu ya nauli ya kurudi. Vijana wenzake walitutazama tu, na walijua tunachokiwaza.

Akatokea gizani na gunia begani. “Niwieni radhi, mzee,” alisema. “Mwenye duka hakuwa na chenji, ikabidi nimngojee atoke msikitini, kisha tukazunguka naye nyumba tatu kuitafuta.” Akahesabu shilingi 7,500 juu ya meza, na karatasi ya bei imeandikwa kila kitu. Mzee akasema, “Ahsante, mwanangu,” naye akaenda kumenya viazi. Haya tuliyoiona usiku ule hatujaisahau.

Tumerudi sasa wiki ya nne. Hatutawaficha: mmoja kati ya tisa alirudia unga katika wiki ya pili, akakutwa maskani. Yu hai, alhamdulillah, na yumo katika matibabu. Wazazi wajue hili kuliko yote tuliyoandika: mwili uliokaa miezi bila unga haumudu tena kipimo cha zamani, na kile alichokitumia kila siku mwaka jana chaweza kumwua leo kwa mara moja. Ukimkuta mwanao amelala hashtuki, anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, usimwache eti alale usingizi umtoke. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Ipo dawa ya kumwamsha, iitwayo naloksoni. Na usione haya kusema alichotumia.

Mama wa mweka hazina wetu alitujia juzi. Kisa cha Rangwi ameshakisikia, lakini anasema moyo haujamruhusu kumpa mwanawe hata pesa ya mkate, na funguo za kabati bado huzilalia. Hatukumlaumu, hakuna kati yetu aliyelipia mtungi ule. Tulimwomba aanze na shilingi 50, mbele ya ndugu zake, na asimsimamie mlangoni. Alisema atafikiri.

Vijana wanane waliobaki hukutana kila Jumapili baada ya sala ya Alfajiri katika uwanja wa Makadara, wakatembea hadi Mama Ngina na kurudi. Mzazi mwenye kijana anayetaka kuandamana nao amlete. Viatu vya kufunga vinahitajika, hasa nambari 42 na 43. Mwenye jozi asiyoitumia na aje nayo.